Simu, kamera ndogo ya lenzi moja, au kamera ya zumu: ubebe ipi ukienda kupiga majengo, watu na sanaa za hadharani?

Usiku wa kuamkia safari, begi likiwa wazi kitandani, swali huwa ni lile lile: nibebe nini? Simu iko mfukoni tayari. Kamera ndogo ya lenzi moja inaingia kwenye mfuko wa koti. Ile kubwa yenye lenzi ya zumu, yaani ya kuvuta karibu na mbali, inataka begi lake yenyewe. Ukiomba ushauri, kila mtu atakusifia anachomiliki, na utalala hujaamua. Nimezunguka na zote tatu kwa miaka mingi, wakati mwingine zote kwa siku moja, na sina sababu ya kuipigia debe hata moja. Nitaziweka pamoja tu na kuzipima kwa mambo yale yale, ili ujue ipi ni ya safari yako.

Safari ninazozungumzia ni za kutembea mjini kwa miguu: matembezi ya siku moja ya kwenda na kurudi, au safari ya siku kadhaa, pale unapotaka kurudi na picha za majengo, za watu, na za sanaa iliyowekwa hadharani, yaani sanamu, minara ya kumbukumbu na michoro ya ukutani. Wanyama na michezo nimeviacha, vina mahitaji yake.

## Tunapima nini

Watu wengi huanza na megapikseli. Mimi huanza na swali la miguu: kifaa hiki kitanisimamisha wapi? Jengo halisogei, na mtu usiyemjua huna haki ya kumsogeza. Anayesogea ni wewe. Ukimkaribia mtu mno, pua yake hukua na masikio yakarudi nyuma. Ukirudi hatua thelathini, sanamu na mnara ulio nyuma yake huonekana kama vimesogeleana. Lenzi haibadilishi uhusiano huo, inakata tu kiasi cha mandhari kitakachoingia kwenye fremu. Ila lenzi uliyobeba ndiyo inayokulazimisha usogee mbele au urudi nyuma ili kitu kienee, na hivyo inakuchagulia mahali pa kusimama kuanzia asubuhi hadi jioni, hata kama hujui kwamba inakuchagulia.

Namba za milimita za lenzi nitakazotaja zote ni za kulinganisha na fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo wapigapicha wote wanaielewa. Lenzi ya 24 inaona nyuzi 84 kutoka kona hadi kona. Ya 35 inaona nyuzi 63, ya 50 inaona 47. Namba ikikua, upana unapungua, nawe unarudi nyuma.

Kila kifaa nitakipima kwa majengo, kwa watu, kwa sanaa ya hadharani, na kwa mwendo wa siku nzima. Kisha nitasema kinamfaa nani.

## Simu

Majengo. Lenzi kuu ya simu nyingi za sasa ni kama 24 hadi 26, na ile pana zaidi hufika karibu 13. Kwenye uchochoro mwembamba, ambako huna pa kurudi nyuma, hiyo ya 13 ndiyo pekee itakayoingiza jengo zima. Tatizo linajitokeza papo hapo: unainua simu ili kilele kiingie, na jengo linalala kama linataka kuanguka kinyumenyume. Hilo linatokea kwa sababu uso wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, hauko sambamba tena na ukuta, na litatokea kwa kamera yoyote utakayoielekeza juu. Dawa ni kuishika simu wima kabisa, usawa wa macho, ukubali sakafu nyingi mbele, kisha uikate baadaye. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, inasaidia mno. Ukinyoosha mistari kwa programu baada ya kupiga, acha nafasi pembeni, maana kunyoosha kunakula kingo.

Ndani ya majengo, mahali penye dirisha linalowaka na kona zenye giza, simu hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyotarajia. Inapiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha, na dirisha linabaki na rangi zake. Lakini uwezo huo huo unaharibu kitu kingine. Jua la jioni likipita ubavuni mwa ukuta wa mawe, uzuri wote uko kwenye vivuli, na simu hukimbilia kuviangaza. Ukuta unatoka bapa. Gusa mahali penye mwanga kwenye skrini, ushushe mwangaza kwa kidole, na vivuli vitarudi.

Watu. Faida kubwa ya simu ni kwamba haimtishi mtu. Umeomba, amekubali, umepiga, unamgeuzia kioo aone, na akitaka unamtumia hapo hapo. Kwa wasafiri wengi hilo ni jambo kubwa kuliko ubora wowote wa lenzi. Ubaya ni upana: kwa 24, ukitaka uso uenee itabidi uwe umbali wa mkono, na hapo uso unavimba katikati. Usimweke mtu pembeni mwa fremu ya lenzi pana, kichwa kitavutwa kama mpira. Kama simu yako ina lenzi ya karibu 70, itumie hiyo kwa sura. Modi ya potreti inayofifisha nyuma iangalie vizuri kabla ya kumwacha mtu aende zake, kwa sababu mara nyingi hukosea kwenye nywele zilizochomoza, masikio na mikono ya miwani.

Sanaa ya hadharani. Hapa simu inashinda pale ambapo nafasi ni finyu. Chukua East Side Gallery ya Berlin, kipande cha Ukuta wa Berlin chenye urefu wa mita 1,316 kilichochorwa mwaka 1990. Ukisimama ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu, magari na nguzo vitakatiza mchoro. Ukiwa njiani kwa miguu, hatua chache kutoka ukutani, lenzi pana ya simu inakupa mchoro mzima bila kizuizi. Simama katikati ya mchoro, uso wako ukiutazama ukuta moja kwa moja, na kingo zitatoka zimenyooka.

Simu pia haina mpinzani kwa kazi ndogo ambayo wengi huisahau: kupiga kibao chenye jina la msanii na mwaka. Mahali ulipopiga panahifadhiwa kwenye picha yenyewe ukiruhusu, na miezi sita baadaye bado utajua sanamu ile ilikuwa ya nani na ilikuwa mtaa gani.

Mwendo wa siku. Haina uzito wa ziada, hilo liko wazi. Lakini betri yake ndiyo hiyo hiyo ya ramani, ya tiketi na ya kupiga simu. Ikizima saa kumi jioni, umepoteza vyote kabla ya mwanga mzuri kufika. Beba betri ya akiba. Na jua la mchana likipiga kioo, unapanga picha kwa kubahatisha.

Inamfaa anayesafiri na familia au kundi lisilopenda kusubiri, anayetaka kutuma picha siku hiyo hiyo, na anayetaka kumbukumbu kamili ya alichokiona zaidi ya picha chache za kutundika ukutani.

## Kamera ndogo ya lenzi moja

Ninamaanisha kamera ambayo lenzi yake haitoki wala haivuti. Ricoh GR III, ya mwaka 2019, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, na lenzi yake ni ya 28. Dada yake wa 2021, GR IIIx, ana ya 40. Fujifilm walianza ukoo wa X100 mwaka 2011, wakabaki na lenzi ya 35 hadi X100VI ya 2024, yenye gramu 521. Zote zina kihisi cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6, kikubwa mno kikilinganishwa na cha simu.

Majengo. Jengo zima mara nyingi halitaingia. Mwanzoni inakera, hasa ukiwa na 35 au 40 mbele ya kanisa kuu au mnara. Unaweza kupiga fremu tatu kutoka chini kwenda juu na kuziunganisha nyumbani, na matokeo ni mazuri ukiwa mtulivu wa mkono. Lakini kwa kawaida kamera hii hukusukuma kwenye sehemu: ngazi zilizolika katikati, kitasa, kona ambako mwanga unageuka, safu ya madirisha na moja tu limefunguliwa. Kama unapenda majengo kwa namna watu wanavyoishi ndani yake, utafurahi. Kama unataka kuonyesha jengo lote lilivyo, utateseka.

Watu. Hapa ndipo ninapoikabidhi siku yangu bila wasiwasi. Mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya kazi yake kubwa na kamera ndogo ya Leica na lenzi moja, mara nyingi ya 50, na sababu bado ni ile ile: ukizoea upana mmoja, jicho linaiona fremu kabla kamera haijafika usoni. Unajua kwamba kwa 35, kamera ikiwa imelala, mita moja na nusu inakupa mtu kutoka kichwani hadi kiunoni. Hutafuti tena. Unasogea hatua moja, unapiga. Shata, yaani kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, iko ndani ya lenzi na karibu haisikiki. Kwenye Ricoh unaweza hata kuipangia umbali wa fokasi mapema, tuseme mita mbili, na kamera haitapoteza muda kutafuta.

Mita moja na nusu ni umbali wa mazungumzo, na hilo lina maana kubwa. Siku moja nilimkuta mchoraji juu ya ngazi, akimalizia ukuta mrefu wa ghorofa moja. Nilisubiri ashuke kuchanganya rangi. Bluu ilikuwa imemwingia chini ya kucha zote za mkono wa kulia, na kwenye kiganja kulikuwa na mstari mweupe mahali aliposhikia mpini wa brashi. Nilimsalimu, nikamwonyesha kamera. Akaniambia mikono nipige, uso hapana. Nikapiga mikono, akaninyooshea viganja vyote viwili mbele ya ukuta wake. Ningekuwa ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu ningempata usoni, na nisingejua kamwe kwamba hakutaka. Tangu siku hiyo, kila ninapochagua cha kubeba kwa ajili ya watu, hufikiria kwanza kama kitaniweka mahali ambapo mtu anaweza kuniambia hapana.

Kwa mtu mwenye haya, huu ni mtihani kweli. Kamera hii haina njia ya pembeni. Usipomsogelea mtu, atakuwa nukta katikati ya barabara.

Sanaa ya hadharani. Sanamu iliyo kwenye kimo cha mtu inaipenda kamera hii. Iliyo juu ya nguzo ndefu haitaki, utapata miguu na sehemu ya chini ya kidevu. Kwa michoro ya ukutani inategemea nafasi: 28 inatosha mara nyingi, 40 inataka urudi hadi barabarani. Nguvu yake halisi ni sanaa ikiwa pamoja na watu wake: mtoto aliyekalia goti la sanamu ya shaba, na goti limeng'aa kwa kuguswa wakati sehemu nyingine zote zimekuwa na kutu ya kijani.

Mwendo wa siku. Nyepesi, haivutii macho, na huna cha kuamua kuhusu lenzi. Betri za kamera hizi huisha haraka kwa sababu ni ndogo, kwa hiyo beba mbili au tatu. Kumbuka pia kwamba kamera ikiharibika safarini huna lenzi ya kuhamishia kwingine. Umebaki na simu.

Inamfaa anayetembea peke yake au na mwenzake mmoja mvumilivu, anayevutiwa zaidi na watu na maisha ya mtaani, na aliye tayari kurudi bila picha ya jengo zima.

## Kamera ya lenzi za kubadilisha, yenye zumu

Majengo. Kwa majengo hii ina uwezo ambao nyingine mbili hazina, na uwezo huo unatokana na kurudi nyuma. Chukua Flatiron ya New York, jengo la mwaka 1902 lenye kimo cha mita 87. Ukitaka mistari yake isimame wima bila kuinua kamera, ukiishika kamera wima na lenzi ya 24, inabidi uwe karibu mita 115 kutoka hapo, na nusu ya chini ya picha itakuwa barabara tupu ya kukata. Kwa 50 ni karibu mita 240. Mjini hupati nafasi hiyo kila mahali, lakini ukiipata, iwe ni bustani, daraja, ukingo wa pili wa mto au ghorofa ya tatu ya jengo la mbele, zumu inakuwezesha kuitumia. Kutoka ghorofani unapunguza kabisa haja ya kuinua kamera. Wapigapicha wa majengo wana lenzi maalumu za kuhama, ambazo huteleza juu kamera ikiwa imetulia sawasawa, na Nikon waliitoa ya kwanza kwa kamera za filamu ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni nzito na za polepole. Kwa matembezi ya kawaida sizipendekezi, ila kama safari yako yote ni ya majengo, hakuna kinachozishinda.

Kisha kuna vitu vya juu. Nakshi za paa, sanamu za pembeni, herufi zilizochongwa juu ya mlango, vyote vilitengenezwa na fundi aliyejua kwamba wachache watavitazama. Lenzi ya 105 au 135 inakufikisha pale. Nimewahi kutumia saa nzima chini ya paa moja, nikihama kutoka sura moja ya jiwe hadi nyingine, na kugundua kwamba hakuna mbili zinazofanana.

Jambo moja la kuangalia kabla hujatoka ni jua liko upande gani. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mbali na ikweta, ukuta unaotazama kaskazini haupati jua moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka. Hakuna lenzi itakayokuokoa hapo, ila saa ile baada ya jua kuzama, anga likiwa bluu na taa zimewashwa, ukuta huo huo hupendeza.

Watu. Kwa 85 sura hutoka kama tunavyozijua, bila kuvimba, ukiwa umbali wa mita mbili hadi nne. Kwa wanamuziki wa mitaani, maandamano ya sherehe na wachezaji ngoma, watu waliokuja wenyewe kuonekana, ndiyo chaguo zuri. Kwa mtu anayeendelea na shughuli zake, lenzi kubwa inamgandisha akiiona, na asipoiona umemwibia. Ukiibeba, ikaribishe kwa maneno kwanza: omba, piga, mwonyeshe.

Sanaa ya hadharani. Fikiria sanamu mbili. Angel of the North ya Antony Gormley, iliyosimama karibu na Gateshead, Uingereza, tangu 1998, ina kimo cha mita 20 na mabawa ya mita 54. Ukiipiga peke yake dhidi ya anga, haionekani ukubwa wake. Rudi nyuma sana, uvute zumu, usubiri mtu apite chini yake, na ghafla ukubwa unasomeka. Upande wa pili kuna nguva mdogo wa Copenhagen, wa mwaka 1913, mwenye kimo cha sentimita 125 tu, akiwa amekaa juu ya jiwe kando ya maji huku watu wamemzunguka. Huko zumu inakuruhusu ubaki nyuma ya umati, upate nafasi kati ya mabega mawili, na umpate nguva akiwa peke yake.

Sanaa inayoakisi ni kesi nyingine. Cloud Gate ya Anish Kapoor mjini Chicago, iliyokamilika 2006 kwa sahani 168 za chuma cha pua, inakuonyesha wewe mwenyewe kila unaposimama mbele yake. Kwa lenzi pana uko karibu na unaonekana mkubwa. Kutoka mbali kwa 70 unapotea ndani ya umati na majengo ndiyo yanayobaki. Na kwa mchoro wa ukutani uliopakwa vanishi, kichujio cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi kinarudisha rangi.

Mwendo wa siku. Mwili wa kamera na zumu moja nzuri unapita kilo moja kirahisi, na saa sita mchana shingo inajua. Tumia mkanda wa kupita begani. Makumbusho mengi yatakutaka uache begi mlangoni, na tripodi (stendi ya miguu mitatu) hukataliwa mahali pengi bila kibali. Kubadilisha lenzi penye upepo na vumbi kunaingiza uchafu kwenye kihisi, kwa hiyo chagua zumu moja asubuhi (24 hadi 105 hutosha kwa karibu kila kitu) na ubaki nayo.

Inamfaa aliyesafiri kwa ajili ya picha hasa, anayependa majengo na sanamu kuliko nyuso za njiani, na mwenye muda wa kurudi mahali pale pale kwa mwanga mwingine.

## Hakimiliki haijali umebeba nini

Kupiga kwa ajili ya albamu yako ni jambo moja, kuuza au kuchapisha ni jingine, na sheria zinatofautiana kwa nchi kuliko wasafiri wengi wanavyodhani. Marekani, jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma unaweza kulipiga na kuitumia picha, lakini sanamu bado ni ya msanii wake. Frank Gaylord, aliyechonga askari wa kumbukumbu ya vita vya Korea mjini Washington, aliishtaki serikali baada ya picha ya sanamu hizo kuwekwa kwenye stempu ya posta, na mwaka 2013 mahakama ilimpa zaidi ya dola 680,000. Uingereza, sheria ya 1988 inaruhusu majengo na sanamu zilizowekwa kudumu hadharani, ila haikutaja michoro ya ukutani. Ujerumani inaruhusu vyote, mradi umepiga kutoka njia ya umma: mwaka 2003 mahakama yao ya juu ilikataa picha ya nyumba ya msanii Hundertwasser iliyoko Vienna kwa sababu ilipigwa kutoka kwenye ghorofa ya ng'ambo. Ufaransa ilifungua mlango mwaka 2016, kwa watu binafsi na kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Mnara wa Eiffel mchana hauna tatizo. Usiku, mpangilio wa taa zake una hakimiliki.

Kwa watu, ridhaa kwanza, na kwa watoto, ya mzazi. Mahali palipoandikwa usipige, usipige kwa kifaa chochote. Ndani ya kaburi kuu la Taj Mahal, kwa mfano, hata simu ikae mfukoni. Tofauti pekee inayoletwa na kifaa ni kwamba kamera kubwa, na hasa tripodi, huleta maswali ya walinzi mapema zaidi.

## Ukiwa bado hujaamua

Kama una siku moja tu, mji ni mgeni kwako na unafuatana na watu wengine, chukua simu na betri ya akiba. Utapiga kila kitu, na hakuna atakayekusubiri kwenye kona.

Kama mji unaujua tayari na unarudi kwa ajili ya mitaa na watu wake, chukua ndogo ya lenzi moja. Kwa mwenye haya ya wastani ningeanza na 35 au 40. Ile 28 inataka ujasiri wa kukaribia zaidi.

Kama orodha yako ina majengo matatu au manne uliyoyatafuta mapema, na unajua saa ambayo jua linayapata, chukua zumu. Nenda mara mbili kwa kila jengo, uache mengine.

Kama ni sanaa za hadharani peke yake, angalia zimewekwa wapi. Michoro ya ukutani kwenye vichochoro inaita simu au 28. Sanamu kubwa kwenye viwanja na vilima zinaita zumu. Sanamu za kimo cha mtu, zile ambazo watu huzikalia na kuzigusa, zinaita kamera ndogo.

Kama ni safari ya wiki yenye kila kitu, beba mbili, na ziwe za kutofautiana kabisa. Simu kwa upana, na kamera ya zumu kwa mbali, au simu pamoja na ndogo ya 40. Simu na 28 zinafanana mno, utabeba uzito usiokupa picha mpya.

Na kama huna chochote zaidi ya simu uliyo nayo, kabla ya kununua fanya jaribio hili: fungua picha za safari yako iliyopita, utazame zile kumi unazozipenda, na kwa kila moja ujiulize ulikuwa umesimama umbali gani. Zikiwa nyingi za hatua mbili, umeshajua ni ndogo ya lenzi moja. Zikiwa za ng'ambo ya barabara, ni zumu. Zikiwa zimechanganyika, endelea na simu safari moja zaidi, kisha uzitazame tena.